Namna ya kulinganisha bei za msumeno wa mkanda kutoka China, Uingereza, Marekani na Ghuba kabla hujatuma hela

Maswali ninayoulizwa ni yale yale. "Kaka, nimeona msumeno wa mkanda wa inchi 14 uko Marekani kwa bei nzuri, nimwambie shemeji auweke kwenye kontena?" "Fundi, MJ346 na MJ346E ni mashine moja au mbili?" Na lile linaloniuma zaidi: "Nimeshalipia, mashine imefika, mota inanguruma lakini haivuti."

Nimeamua kuandika hatua zote mahali pamoja. Nazungumzia ule msumeno wa karakana wenye magurudumu mawili, moja juu na jingine chini, mkanda wa meno ukizunguka katikati na kupita kwenye meza. Mashine kubwa za kupasulia magogo porini zina habari yake.

Wengi wetu tunakosea kwa sababu tunalinganisha jina na jina: tunaona maandishi yanafanana, rangi inafanana, basi tunasema hii ya huku ni nafuu. Kumbe jina la modeli ni la soko fulani na la mwaka fulani. Mashine ile ile huuzwa nchi mbili kwa namba mbili tofauti, na namba ile ile hubaki kwenye kibati (kile kipande cha maelezo kilichobandikwa kwenye mashine) huku kiwanda kimeshabadilisha mota, magurudumu au meza. Kinacholinganishwa ni chuma na umeme, kisha gharama hadi mlangoni kwako.

Uwe na haya kabla hujaanza

- Futi ya kupimia, daftari na kikokotoo cha simu.
- Uhakika wa umeme wa karakana yako: njia moja (single phase) au njia tatu (three phase). Usikisie, mwite fundi umeme aangalie mita na waya zinazoingia.
- Upana wa ubao mkubwa kabisa unaotaka kuupasua, umeandikwa kwa milimita.
- Namba ya simu ya wakala wa forodha. Mtafute sasa, usingoje mzigo uwe bandarini.
- Duka au fundi anayeunga mikanda ya msumeno mjini kwako.
- Bajeti ya safari nzima. Kama hela uliyonayo inatosha bei ya mashine tu, bado hujawa na hela ya mashine.

Hatua ya 1: Andika kazi yako kwa milimita

"Inchi 14" haisemi msumeno unapasua ubao wa upana gani. Inahusu gurudumu, na kwa kukadiria tu, nafasi iliyopo kati ya mkanda na nguzo. Kimo cha kupasua ni kipimo kingine kabisa. Msumeno wa inchi 14 wa umbo la zamani, wenye mwili wa chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), hupasua kimo cha kama milimita 150. Ule wa kisasa wenye nguzo ya bati la chuma lililokunjwa na kuchomelewa unaweza kufika milimita 300 na zaidi. Zote ni "inchi 14", na zote zitapigwa picha vizuri.

Kama kazi yako ni miguu ya viti na mikunjo ya vitanda, milimita 150 inakutosha na hela itabaki. Kama unataka kusimamisha ubao wa mninga wa inchi 10 na kuupasua katikati upate vipande viwili vinavyofanana kama kurasa za kitabu kwa milango ya kabati, mashine ya milimita 150 haikufai hata ukipewa kwa nusu bei.

Andika namba tatu: kimo cha kupasua, nafasi hadi nguzo, na upana wa mkanda mkubwa unaoweza kufungwa. Hizo tatu ndizo utakazombana nazo kila muuzaji.

Hatua ya 2: Isome namba ya modeli, usiiabudu

Tuanze na China, kwa kuwa ndiko mashine nyingi za Kariakoo na za Industrial Area Nairobi zinakotoka. MJ siyo jina la kampuni. Ni mpangilio wa Kichina wa kutaja mashine za mbao: M ni mashine ya mbao, J ni msumeno. Kwenye MJ344, MJ345, MJ346 na MJ348, tarakimu ya mwisho hukuonyesha kipenyo cha gurudumu kwa mamia ya milimita: 400, 500, 600, 800. Ndiyo maana viwanda vingi visivyojuana vinauza "MJ346". Herufi inayofuata, kama E au B, ni alama ya toleo, na usitegemee kwamba E ya kiwanda hiki ni E ya kiwanda kile. Mtu akikuuliza bei ya MJ346E ni kama amekuuliza bei ya gari la tani saba: bado hajasema gari gani.

Marekani mambo ni mengine. Huko namba ni ya kampuni, na ikibadilika tarakimu moja uwe macho. Kampuni ya Rikon walikuwa na 10-325. Kisha ikaja 10-326, yenye mota yenye nguvu zaidi kidogo na vishikiza mkanda (vile vinavyouzuia mkanda usiyumbe) vinavyorekebishwa bila spana. Ukiona 10-325 iliyotumika inauzwa bei ya 10-326, unalipia kitu ambacho hakipo. Uingereza, kampuni ya Record Power waliuza kwa miaka mfululizo wa BS, kama BS250, BS300E, BS350S na BS400, kisha wakaleta mfululizo wa Sabre. Usidhani namba inayofanana kwenye mifululizo miwili ina maana mkanda ni ule ule au spea zinaingiliana.

Hapa nikae kidogo na Delta, kampuni ya Marekani, maana ndiyo mashine inayokuja sana kwenye makontena ya ndugu zetu walioko Marekani. Kampuni ilianzishwa Milwaukee mwaka 1919. Rockwell waliichukua 1945, ikaenda kwa Pentair 1984, kwa Black & Decker 2004, na mwaka 2011 ikanunuliwa na Chang Type ya Taiwan. Kwa hiyo mashine ya inchi 14 yenye mwili wa kusubu unaweza kuiona imeandikwa Rockwell, Delta, au Delta Rockwell, na kila mwenye mali alibadilisha hiki na kile. Ukitafuta spea kwa jina la kampuni utachoka. Lakini umbo hilo limenakiliwa mno Taiwan na China, na mkanda wake wa inchi 93½ (milimita 2,375) ukawa kipimo cha kawaida. Mimi humshauri anayeanza achukue mashine ya umbo hili kuliko ya umbo geni lenye jina zuri, kwa sababu mpira wa gurudumu, vishikiza mkanda na springi ya kukazia vya nakala nyingi huingia. Tahadhari moja: mwenye mali wa kwanza akiwa ameongeza kipande cha kuinua nguzo kwa inchi 6, mkanda unakuwa inchi 105. Angalia kwenye nguzo kama kuna maungio mawili badala ya moja.

Hatua ya 3: Dai picha ya kibati cha mota

Kama utasoma hatua moja tu, soma hii.

Tanzania, Kenya na Uganda tuna volti 230 hadi 240 kwa njia moja, herzi 50 (herzi ni idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde). Marekani ni volti 120 kwenye soketi za kawaida na 240 kwa mashine kubwa, herzi 60. Watu hukumbuka volti, herzi wakaisahau, na herzi ndiyo inayoua mota.

Nilinunua msumeno wa inchi 14 uliotoka kwenye kontena. Kibati kilisema 115/230V, 60Hz (herzi 60), 1725 RPM, yaani mizunguko kwa dakika. Nikafunga transfoma ya kushusha umeme hadi 110, nikajiona nimemaliza. Wiki mbili za kwanza nilikuwa napasua mkongo vizuri, ila mkanda ulikuwa mzito kidogo, nikadhani umepoteza makali. Siku moja nikasikia harufu kama vanishi inayoungua. Nilipoweka kiganja kwenye mota nilikitoa hapo hapo. Nilipoifungua, waya za ndani zilikuwa zimegeuka kahawia mpaka nyeusi upande mmoja. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba "ukiwa na transfoma hakuna shida", na mimi sikuwa najua cha kumuuliza.

Transfoma hubadilisha volti, haigusi herzi. Stabilaiza vilevile. Mota ya herzi 60 ukiiendesha kwa herzi 50 inapunguza mzunguko kwa moja ya sita: ile ya 1725 inakwenda kwenye 1440 hivi. Na kwa kuwa umeipa volti zake zote kwa herzi pungufu, sumaku ya ndani inazidi kama asilimia 20 kuliko ilivyokusudiwa, ziada hiyo inatoka kama joto. Mota ndogo ya njia moja haina nafasi ya kuvumilia.

Kwa hiyo, ukipenda mashine ya Marekani, weka kwenye hesabu mota mpya ya herzi 50 tangu siku ya kwanza, na puli ya mota iliyo kubwa kwa mara 1.2 ili mkanda urudi kwenye mwendo wake. Kama bei bado inakufaa baada ya hapo, nunua kwa amani.

Soma pia yafuatayo kwenye kibati:

Ghuba si moja. Falme za Kiarabu na Oman wanatumia herzi 50 kama sisi, lakini Saudi Arabia ni herzi 60. Mzigo unaopitia Dubai unaweza kuwa ulitengenezwa kwa soko la Saudia. Tazama kibati, usitazame bandari ulikotokea.

Japani njia tatu ni volti 200, na njia moja ni 100. Mota ya njia tatu ya volti 200 ukiifunga kwenye njia tatu za huku, ambazo ni volti 400 na kitu, haichukui muda kuungua.

Mota ya njia tatu iliyoandikwa 230/400V huku hufungwa kwa nyota (star). Iliyoandikwa 400/690V hufungwa kwa pembetatu (delta). Ile ya Marekani ya 460V herzi 60 inaweza kwenda kwa takribani 380V herzi 50, mwendo ukipungua kwa moja ya sita, maana uwiano wa volti na herzi unakaribiana. Hilo mwachie fundi wa mota aamue akiwa amesimama mbele yake.

Kuhusu nguvu: farasi 1 ni wati 746. Kibati cha Ulaya kinaweza kuonyesha P1, ambayo ni umeme unaoingia, na P2, ambayo ni nguvu inayotoka kwenye shafti. Muuzaji hutangaza kubwa. Wewe linganisha P2 na P2. Ukiona S1, mota ni ya kazi mfululizo. S6 40% ina maana ndani ya kila mzunguko wa kazi inabeba mzigo asilimia 40 ya muda, uliobaki inazunguka bila mzigo. Kwa karakana inayopasua mbao kutwa, S1 ina thamani yake kwenye bei.

Hatua ya 4: Pima mkanda, na uulizie mjini kwako

Mashine ambayo mkanda wake haupatikani itageuka kabati la kuwekea nguo za kazi. Kama muuzaji hajui urefu, mwambie apime kutoka katikati ya gurudumu la juu hadi katikati ya gurudumu la chini, gurudumu la juu likiwa nusu ya mwendo wa kukaza. Zidisha mara 2. Kisha jumlisha kipenyo cha gurudumu mara 3.14.

Mfano: katikati hadi katikati milimita 628, gurudumu milimita 356. Mara mbili ni 1,256. 356 mara 3.14 ni 1,118. Jumla 2,374. Huo ni ule mkanda wa inchi 93½, na sasa umeujua hata kama kibati kimefutika.

Peleka namba hiyo kwa anayeunga mikanda. Muulize ana roli ya upana gani, anaunga kwa kuchomelea au kwa shaba, na bei ya mita. Mikanda ya kuunga huku hukufanya usijali sana urefu usio wa kawaida, ila hakikisha maungio yanasuguliwa yakawa sawa na mkanda. Kijivimbe cha nusu milimita utakisikia kila mzunguko: tak, tak, tak.

Hatua ya 5: Vua kodi za huko kwenye bei

Bei ya Uingereza dukani huwa imeshabeba VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 20%. Ujerumani ni 19%. Australia wana GST, kodi ya aina hiyo hiyo, ya 10%. Falme za Kiarabu na Oman ni 5%. Bei ya Marekani kwa kawaida imeandikwa bila kodi ya mauzo ya jimbo. Ukiziweka bei hizi kwenye mstari mmoja kama zilivyo, Uingereza itaonekana ghali kuliko ilivyo na Marekani nafuu kuliko ilivyo.

Kosa la kila siku: mtu anachukua £1,200, anatoa 20%, anapata £960. Siyo hivyo. Unagawanya kwa 1.2, unapata £1,000. Kwa Ujerumani gawanya kwa 1.19.

Kuondolewa kodi hiyo kwa sababu unasafirisha nje si haki inayokuja yenyewe. Muuzaji lazima akubali kuuza kama mauzo ya nje na abaki na ushahidi wa kusafirisha. Wengi wa rejareja hawataki usumbufu huo. Uliza kwa maandishi kabla ya kulipa. Akikataa, bei yako ni £1,200.

Na bei za Marekani zenyewe si za kutazamia tangazo la zamani. Tangu 2018 serikali yao iliweka ushuru wa ziada wa 25% kwa mashine nyingi za viwandani kutoka China. Kwa hiyo mashine ya China inayonunuliwa Marekani na kuletwa Dar es Salaam inaweza kuwa imebeba ushuru wa nchi isiyokuhusu, na imezunguka dunia. Ukigundua kiwanda ni cha China, tafuta bei ya China.

Hatua ya 6: Tafuta sababu ya tofauti iliyobaki

Ukishavua kodi na kulinganisha mota sawa, tofauti ya bei huwa na sababu unayoweza kuishika kwa mkono.

Mashine zinazouzwa Ulaya zinapaswa kufuata masharti ya usalama ya huko. Utakuta breki ya kusimamisha gurudumu ndani ya sekunde 10, swichi ndogo kwenye milango zinazokata umeme mlango ukifunguliwa, na swichi kuu ambayo umeme ukikatika na kurudi mashine haiwaki yenyewe. Mashine ya jina lile lile kwa soko la Marekani inaweza isiwe na breki wala swichi za milango. Hiyo swichi kuu, kwa umeme wetu unaokwenda na kurudi, mimi siikubali ikosekane. Bila hiyo, umeme unarudi wakati umeinama unatoa kipande kilichokwama.

Kisha magurudumu. Ya chuma cha kusubu ni mazito na hubeba mwendo kwenye mbao ngumu. Ya alumini ni mepesi, na hapa ndipo viwanda hubadilisha kimya kimya namba ya modeli ikibaki ile ile. Angalia meza kama ni ya kusubu iliyosawazishwa vizuri au ya bati. Angalia kama meza inalala hadi nyuzi 45 upande mmoja. Vishikiza mkanda vya beringi hupatikana spea kokote. Vya seramiki ni vizuri, ila ukivunja kimoja utasubiri.

Hatua ya 7: Piga hesabu ya kufika mlangoni

Muuzaji wa China atakupa bei ya FOB: mzigo umepakiwa melini kwao, kuanzia hapo ni wako. Akisema CIF Dar es Salaam, ameweka nauli ya meli na bima, lakini gharama za bandari, wakala na kodi zinabaki kwako. Watu husikia "mpaka Dar" wakadhani mpaka karakana yao Keko.

Mfano wa namba nyepesi, ziweke zako:

- Bei ya FOB: $1,000
- Nauli na bima: $150
- CIF: $1,150
- Ushuru wa forodha: kwenye ratiba ya ushuru wa pamoja ya Afrika Mashariki, mashine nyingi za uzalishaji zipo kwenye kundi la 0%. Misumeno ya mbao ipo kifungu 8465.91. Mwambie wakala athibitishe kwa mwaka huu wa fedha.
- VAT Tanzania bara 18%: $207. Kenya ni 16%, yaani $184. Uganda na Rwanda 18%.
- Hapo: $1,357 kwa Tanzania

Bado hujaweka tozo ya reli na ada nyingine za uagizaji, gharama za bandari, ada ya wakala, lori, na watu wa kushusha. Muombe wakala akuandikie kila moja kwenye mstari wake. Kama biashara yako imesajiliwa VAT, zungumza na mhasibu kuhusu kuirudisha. Kama hujasajiliwa, ni gharama kamili.

Kwa mzigo mdogo wasafirishaji hutoza kwa mita ya ujazo, ile wanaiita CBM. Sanduku la mita 1.6 kwa 0.8 kwa 0.5 ni CBM 0.64. Uliza kipimo cha sanduku, siyo cha mashine, na uulize kiwango cha chini wanachotoza. Wengine hawashuki chini ya CBM 1.

Kitu kimoja kimewakwamisha wengi: mashirika ya viwango, TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya, wana utaratibu wa ukaguzi unaofanyika kabla bidhaa hazijasafirishwa. Cheti kinatafutwa mzigo ukiwa bado huko. Muuzaji akisema "hiyo utamalizana nayo ukifika", simamisha kwanza, mpigie wakala.

Hatua ya 8: Muombe ushahidi wa mashine yako, siyo ya katalogi

Omba kibati cha mashine, kibati cha mota, gurudumu la juu mlango ukiwa wazi, futi ikiwa imewekwa kati ya meza na vishikiza vikiwa vimepandishwa mwisho, na video ikiwaka kutoka kusimama hadi kuzima. Kwa iliyotumika, aizungushe kwa mkono akipiga video ya mpira wa gurudumu, nyufa utaziona.

Kisha kwenye ankara yaandikwe: volti, herzi, njia ngapi, kilowati, urefu wa mkanda, kimo cha kupasua, magurudumu ni ya nini. Ankara iliyoandikwa "msumeno wa mbao, 1" haikupi pa kusimamia mzigo ukija tofauti.

Hatua ya 9: Weka spea kwenye agizo lile lile

Mpira wa magurudumu seti moja, mkanda wa kuendeshea (ule wa kwenye puli ya mota, siyo wa meno), springi ya kukazia, kapasita ya mota ya njia moja. Ni vyepesi na vitaingia kwenye sanduku hilo hilo. Uliza namba za beringi: ukiambiwa namba za kawaida kama 6204 tulia, zipo kila duka la beringi. Ukiambiwa "ni maalumu ya kiwanda", ongeza seti.

Hatua ya 10: Lipa kwa awamu

Malipo ya awali, yanayobaki baada ya video na kipimo cha sanduku. Akaunti iwe ya jina la kampuni iliyo kwenye ankara. Akaunti ikibadilika katikati ya mazungumzo, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Usipige ile iliyokuja na ujumbe mpya.

Imefika, lakini kuna tatizo

*Haiwaki kabisa.* Kama ni ya soko la Ulaya, funga milango yote miwili mpaka isikike, kisha angalia kanyagio la breki au kitufe chekundu kama hakijabaki chini. Swichi ndogo ya mlango iliyosogea safarini ndiyo sababu ya kwanza kuiangalia. Usiiunganishe moja kwa moja ukaiua. Irudishe mahali pake.

*Inanguruma, haizunguki.* Zima haraka. Chomoa, zungusha gurudumu kwa mkono. Likiwa zito, kuna kitu kimekwama au kufuli ya safari haijatolewa. Likiwa jepesi na mota ni ya njia moja, kapasita ya kuwashia ndiyo mshukiwa. Kapasita hushika umeme hata baada ya kuchomoa, mwachie fundi.

*Inazunguka lakini nzito, na mota ina joto baada ya dakika chache bila mzigo.* Rudi kwenye kibati. Ukiona 60Hz, usiendelee kuijaribu "izoee". Haizoei.

*Njia tatu, mkanda unapanda badala ya kushuka mezani.* Fundi umeme abadilishane waya mbili kati ya tatu. Kwa jaribio hili la kwanza vua mkanda wa meno, angalia mwelekeo wa gurudumu peke yake.

*Mkanda ulionunuliwa haufiki au unalegea.* Pima upya kama hatua ya 4, na uangalie kama kuna kipande cha kuinua nguzo.

*Mkanda unapotea njia kwenye ubao mpana.* Kabla hujailaumu mashine, angalia meno. Meno madogo mengi kwenye ubao wa inchi 10 hujaa unga wa mbao na kuanza kukimbia. Weka mkanda mpana wenye meno 3 au 4 kwa inchi. Kisha kaza, panga vishikiza vya juu na vya chini, vya juu vishushwe karibu na ubao.

*Spea haipatikani kwa namba yako.* Tafuta namba ya toleo lililotangulia, au pima kitu chenyewe: kipenyo cha shafti, upana wa mpira, unene wa springi. Piga picha kikiwa pembeni ya futi uitume kwa wauza spea wa mashine za umbo lile lile, hata kama zina jina jingine na rangi nyingine.

*Muuzaji ametuma toleo jingine na anasema "ni jipya, bora zaidi".* Usiliwashe. Lipige picha likiwa bado kwenye sanduku, pima vitu saba vilivyoandikwa kwenye ankara, umtumie orodha ya vilivyotofautiana siku hiyo hiyo. Mashine ikishakuwa na unga wa mbao ndani, mazungumzo ya kurudishiwa tofauti ya bei yanakuwa magumu sana.

Ukitaka nikusaidie kuangalia mashine unayoifikiria, niletee picha ya kibati cha mota, urefu wa mkanda, na kama karakana yako ina njia moja au njia tatu.